Plasta au mto? Binti yetu anapasuliwa nyonga na nyumbani hatukubaliani

Ndugu washauri,

Salaam. Binti yetu ana miaka 8 na ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hukaa kwenye kiti cha magurudumu akiwa amefungwa mikanda, na haongei, ingawa sisi nyumbani tunamwelewa. Picha ya eksirei ya mwisho ilionyesha kichwa cha fupa la paja la kushoto kimetoka nje ya kikombe chake cha nyonga kwa asilimia 55. Kulia ni asilimia 35. Amepangiwa upasuaji wiki 5 zijazo: mafupa ya paja yatakatwa na kupangwa upya pande zote mbili, kikombe cha kushoto kitarekebishwa, na misuli ya ndani ya mapaja italegezwa.

Daktari wa kwanza alituambia atafungwa plasta kuanzia kifuani hadi vifundoni kwa wiki 6. Daktari atakayempasua anasema siku hizi hafungi plasta. Atatumia mto wa sponji katikati ya miguu na magango ya kitambaa magotini. Mama mkwe, ambaye ndiye hushinda na mtoto, hataki kabisa kusikia habari ya mto. Anasema mfupa uliokatwa usipofungwa utaachana, tena mtoto mwenyewe ana mikazo ya usiku inayomvuta miguu hadi inapishana kama mkasi. Mke wangu naye anaogopa plasta kwa sababu ya vidonda na haja.

Tuchague nini? Na lolote litakalotumika, tufanyeje nyumbani ili kazi ya daktari isiharibike? Anatumia baklofeni (dawa ya kulegeza mikazo ya misuli) na dawa ya kifafa, na uzito wake ni kilo 17.

Baba wa binti

JIBU

Baba, salaam kwako na kwa wote nyumbani.

Tuanze na hoja ya mama mkwe, maana ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hajakosea: mfupa uliokatwa lazima ushikwe usisogee mpaka uungane, na kwa mtoto wa umri huo fupa la paja huhitaji wiki 6 hadi 8 hivi. Suala ni nini kinaushika. Katika upasuaji uliotueleza, fupa la paja hukatwa karibu na nyonga, likainamishwa na kuzungushwa ili kichwa chake kielekee kikombeni, kisha likafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Upande wa kushoto mfupa wa juu ya kikombe hukatwa na kuchomekwa kabari ya mfupa, ili paa la kikombe lishuke na kukifunika kichwa. Kabari hiyo kwa kawaida hubanwa na mfupa wenyewe. Bamba likikaa vizuri, na mfupa ukiwa na nguvu ya kung'ata skrubu, basi mshikaji ni bamba. Plasta ya nje haiongezi mengi hapo: kati yake na mfupa kuna pamba, ngozi na nyama, na mtoto mwembamba hucheza humo ndani. Kinachobaki kufanywa kwa nje ni kuizuia miguu isivutwe ikakutana wala kujizungusha, kutuliza mikazo, na kumlinda anapoinuliwa. Mto unaiweza kazi hiyo.

Wapo watoto ambao plasta bado ndiyo njia yao. Mifupa ikiwa myembamba kiasi kwamba skrubu hazikazi vizuri, plasta hulisaidia bamba. Nyonga iliyokuwa imechomoka kabisa, ikabidi mfuko wa kiungo ufunguliwe na kushonwa upya, nayo mara nyingi huhitaji kushikwa ili nyama ishike. Yupo pia mtoto mwenye miguu inayojinyonga kwa nguvu mchana kutwa na dawa hazimtulizi, na yupo anayerudia upasuaji baada ya chuma cha kwanza kulegea.

Kwa hiyo madaktari wako wawili huenda hawapingani kama mnavyodhani. Huyu atakayempasua atakaza skrubu, kisha hapo hapo mezani atakunja na kupanua nyonga huku akitazama kwenye skrini ya eksirei. Mfupa usiposogea, ataendelea na mto. Ukisogea, anaweza kubadili mawazo akafunga plasta, na hapaswi kulaumiwa. Mwulizeni sasa, mama mkwe akiwepo na kusikia kwa masikio yake: "Utajuaje kwamba bamba limeshika, na lisiposhika utafanya nini?" Jibu lake ndilo litakalomaliza ubishi nyumbani, na ninyi jiandaeni kwa yote mawili.

Ukitaka maoni yetu, bamba likiwa imara tunaunga mkono mto na magango. Ngozi inaonekana kila siku, mtoto hukalishwa mapema, kifua hupumua vizuri, choo hakifungi sana, na nyonga na goti havikai wiki 6 bila kusogezwa. Lakini mto una udhaifu mmoja mkubwa: unatoka. Plasta haimwombi mtu ruhusa. Mto huondolewa wakati wa kubadili nepi, ukasahaulika pembeni, na mtoto akapitiwa na usingizi miguu ikiwa imepishana. Nyumba ambayo walezi hupokezana bila kuachiana maagizo, mto hauifai sana.

Jinsi ya kuuweka mto

Wengi hupima kwa kutazama nafasi iliyopo kati ya magoti. Kipimo hicho kinadanganya. Mtoto anaweza kuwa na magoti yaliyoachana vizuri kabisa, kumbe kiuno kimepinda: mguu wa kulia umepanuliwa mno, na wa kushoto, ule wenye tatizo kubwa, bado umeelekea ndani. Nyonga ya kushoto hapo haijapata faida yoyote.

Anzeni na kiuno. Mlazeni chali, mguse mifupa miwili inayochomoza mbele ya kiuno, kushoto na kulia. Mstari kati yake ukate mstari wa mwili, kutoka kidevuni hadi kitovuni, kwa pembe mraba. Mfupa mmoja ukiwa juu kuelekea mbavu, rekebisheni kiuno kwanza kabla ya kugusa miguu. Kisha panueni miguu yote miwili kwa usawa, takriban digrii 30 kila upande au kama daktari alivyoandika, msizidishe. Kupanua kupita kiasi hubana mishipa inayolisha kichwa cha fupa la paja. Ndipo mto uingie, ncha nyembamba ikielekea kinenani bila kukigusa, na ncha pana vifundoni. Mwisho tazameni vifuniko vya magoti: vyote viangalie dari. Kikiangalia ndani, mguu mzima umejizungusha, na huo ndio mzunguko ambao daktari amekata mfupa kuuondoa.

Mkanda wa kunata ukazwe kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Kati ya ngozi na sponji pawe na kitambaa cha pamba, kwa sababu sponji hutoa jasho. Mto uliolowa mkojo hauanikwi tu ukarudishwa: koti lake lifuliwe, kwa hiyo ombeni makoti mawili.

Muda wa kuvaa ataupanga daktari. Mpango wa kawaida ni saa 24 kwa wiki 4 hadi 6 za kwanza, ukitolewa kwa kunawisha, nepi na mazoezi peke yake, kisha usiku tu kwa miezi kadhaa. Hiyo miezi ya usiku ndiyo familia nyingi huiacha, kwa kuwa kidonda kimepona na mtoto analala vizuri bila mto. Misuli iliyolegezwa hujikunja tena polepole, hamtaiona siku hadi siku.

Magango ya magoti

Hivi ni vitambaa vizito vyenye vyuma bapa nyuma na pembeni, vinavyolinyoosha goti lisikunjwe na mkazo. Kosa la kwanza ni kuteleza. Tundu la mbele lapaswa kuzunguka kifuniko cha goti; likishuka hadi ugokoni, chuma hukandamiza pale nje ya mguu, chini kidogo ya goti, penye kifundo cha mfupa unachoweza kukipapasa. Neva inayoinua wayo inapita hapo hapo juu ya mfupa, haina nyama ya kuilinda. Ikibanwa saa kadhaa wayo huanguka, na kupona kwake ni miezi. Binti yenu hawezi kuambiwa "inua vidole", kwa hiyo kabla ya upasuaji mtekenyeni nyayo na kuandika anavyofanya kila mguu. Baadaye linganisheni na hayo, asubuhi na jioni.

Kosa la pili ni visigino. Goti likinyooshwa, uzito wote wa mguu hutua kwenye kisigino. Wekeni taulo lililokunjwa chini ya shavu lote la mguu, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, ili kisigino kielee hewani. Mpitishe karatasi chini yake: ikipita bila kukwama, sawa. Magango yafunguliwe mara 2 au 3 kwa siku kutazama ngozi. Doa jekundu lisilofifia ndani ya dakika 30 baada ya kuondoa shinikizo ni mwanzo wa kidonda, na gango lisirudishwe juu yake mpaka limebadilishwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tafuteni sehemu iliyokolea rangi, yenye joto au iliyokuwa ngumu kuliko jirani yake.

Angalieni pia wakati wa kumkalisha. Nyonga ikikunjwa digrii 90 huku gango limelinyoosha goti, misuli ya nyuma ya paja na neva kubwa ya mguu huvutwa kwa pamoja. Mtoto hulia kila akikalishwa, au hataki kuguswa nyayo. Mkalisheni kwa kuegama, mgongo ukiwa digrii 45 hivi, na kuongeza kidogo kidogo kwa siku. Au fungueni magango anapokaa, kama daktari ameruhusu.

Ikiwa ataamka na plasta

Kwanza hakikisheni ni ya aina gani. Plasta ya jasi (P.O.P.) hukauka ndani ya saa 24 hadi 72, na kipindi hicho ishikwe kwa viganja, si ncha za vidole, maana kila alama ya kidole huwa uvimbe wa ndani unaochoma ngozi. Msiikaushe kwa joto. Ya faibaglasi huwa ngumu ndani ya saa moja hivi na ni nyepesi zaidi. Zote mbili huwa na fimbo kati ya miguu. Fimbo hiyo imewekwa kuimarisha plasta, na haijawekwa iwe mpini. Akiinuliwa kwa fimbo plasta hupasuka kinenani, mahali pagumu kuliko pote kurekebisha. Kumwinua ni kazi ya watu wawili: mmoja mikono chini ya mabega na kiuno, mwingine chini ya mapaja na miguu, wahesabu pamoja. Kumgeuza ni kila saa 2 hadi 3 mchana na kila saa 4 usiku, chali, ubavu na kifudifudi kama anaweza. Akilala kifudifudi, mito iwekwe chini ya kifua na ya miguu ili vidole vya miguu vining'inie bila kugusa godoro.

Hofu ya mama watoto kuhusu haja ni ya kweli, na dawa yake ni kuzuia kabla plasta haijalowa. Siku ya kwanza, kata utepe usiopitisha maji vipande vya upana wa sentimita 5 na urefu wa 10, viringa ncha za kila kipande kwa mkasi, na uvipange vikipandana kuzunguka tundu la plasta lililoachwa kwa haja: nusu ndani, nusu nje. Ncha zikiachwa na kona hujibandua. Kisha nepi mbili. Ya ndani iwe ndogo, ya mtoto mchanga, iliyokatwa masikio, isukumwe chini ya kingo za plasta mbele na nyuma. Ya nje, ya saizi yake, ifungwe juu ya plasta kuishika ya ndani. Iangaliwe kila saa 2 mchana, 3 au 4 usiku. Jingine ambalo watu hawalifikirii: inueni miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 10 hivi, ili mkojo uelekee chini, kwenye nepi, badala ya kurudi mgongoni ndani ya plasta. Msitumie mito chini ya kichwa na mabega kwa kazi hiyo, kwa sababu mwili utakunjika kwenye ukingo wa kifuani na plasta itamchoma mbavuni.

Ale kidogo kidogo mara nyingi. Baada ya chakula kiganja kiweze kupita kati ya plasta na tumbo. Kisipopita, ombeni tundu la plasta penye tumbo lipanuliwe. Tumbo likivimba na akaanza kutapika, hasa matapishi ya kijani, ni dharura ya saa hiyo hiyo: utumbo mdogo waweza kuwa umebanwa.

Muwasho hautulizwi kwa kuchomeka kijiti, kalamu wala unga wa manukato. Pulizeni hewa baridi, au mpigie plasta kwa kiganja kwa nje. Kila siku mnuse kingo zote. Harufu ya kuoza ambayo si ya mkojo, doa linalojitokeza kwa nje au sehemu moja ya plasta yenye joto kuliko nyingine huashiria kidonda ndani, na plasta ifunguliwe dirisha kitazamwe.

Kuna njia ya katikati ambayo huenda mkatajiwa: plasta mbili za miguu zilizounganishwa kwa fimbo, bila kiunoni. Inashika upana wa miguu na kuacha nyonga ikunjike. Inafaa zaidi panapolegezwa misuli tu bila kukata mfupa. Haizuii kiuno kupinda, na yote tuliyosema juu ya visigino yanahusu hapo pia.

Mikazo na maumivu

Hii sehemu ingepaswa kuwa ya kwanza kwa umuhimu, maana mkazo wa misuli una nguvu kuliko mto, na mara nyingine kuliko skrubu. Maumivu huamsha mkazo, mkazo huvuta kidonda, maumivu yanazidi. Mzunguko huo hukatwa mapema. Siku za mwanzo wodini huenda akawekewa dawa ya ganzi mgongoni kwa mrija mwembamba. Njia hiyo hutuliza maumivu na mikazo kwa pamoja, iulizieni. Nyumbani, dawa ya maumivu apewe kwa saa zilizopangwa siku zote za mwanzo, hata akiwa ametulia. Kungojea alie ni kuchelewa. Daktari aweza kuongeza diazepamu, dawa ya kutuliza mikazo, kwa wiki chache. Ikitolewa pamoja na dawa kali za jamii ya mofini hupunguza pumzi: akiwa mzito kuamka, au pumzi ni fupi na za kuachana, msimpe dozi inayofuata ya dawa hizo mbili na apelekwe hospitali mara moja. Baklofeni haiachwi ghafla hata siku moja. Ulizeni mapema itatolewaje asubuhi ya upasuaji akiwa hali kitu, na fanyeni hivyo hivyo kwa dawa ya kifafa.

Kwa kuwa haongei, tumieni kipimo cha mambo matano: uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kipeni alama 0, 1 au 2. Jumla ya juu kabisa ni 10, na kadiri inavyopanda ndivyo maumivu yalivyo makali. Wiki hizi kabla ya upasuaji andikeni dalili zake mwenyewe za maumivu, zile mnazozijua ninyi tu, na mziambatanishe na faili lake. Mtoto mwingine hacheki, mwingine hucheka akiumwa, na muuguzi wa zamu hana namna ya kujua.

Maumivu yapaswa kushuka wiki hadi wiki. Yakipanda tena ghafla wiki ya tatu, msiongeze dawa tu. Tafuteni kwanza choo kilichofunga (mofini na kulala vinafunga, dawa ya kulainisha choo ianze mapema), kidonda cha kisigino, kisha ombeni eksirei kuona kama chuma kimesogea.

Yafuatayo hayangoji asubuhi: vidole vya miguu kuwa baridi, vyeupe au vya bluu, ukucha uliobonyezwa kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi rangi, maumivu makali yasiyosikia dawa, hasa vidole vikinyooshwa, homa ya 38.5 na zaidi. Kidonda kutoa usaha. Mguu mmoja kuonekana mfupi au umegeuka ghafla kuliko jana.

Baada ya wiki 6

Watu hupumua plasta ikitolewa, na hapo ndipo hatari nyingine inaanza. Mfupa usiobeba uzito hupoteza madini, na binti yenu, asiyesimama na anayetumia dawa ya kifafa, huenda alikuwa na mifupa miembamba tangu awali. Mahali pa kuvunjika ni juu kidogo ya goti, nje ya eneo la bamba, katika wiki za mwanzo za kurudi kwenye harakati. Hahitaji kuanguka. Inatosha mtu kumkunja goti kwa nguvu "ili lilegee", au kumshika vifundo na kumwinua makalio kubadili nepi. Nepi ibadilishwe kwa kumviringisha ubavuni. Goti lisogezwe mkono mmoja ukishika paja karibu na goti, mwingine shavu la mguu, na liishie pale anapokaza uso. Paja likivimba na kupata joto juu ya goti, na akalia akiguswa, wengi hudhani ni maambukizi au mshipa kuziba. Ombeni eksirei ya goti, siyo ya nyonga peke yake. Hatari hii ipo hata kwa mto, ila ni ndogo zaidi.

Kwa sababu hiyo wiki 5 mlizonazo zina kazi. Kilo 17 kwa miaka 8 ni mwili mwembamba: mifupa inachomoza, vidonda vinakuja haraka, na mfupa unaungana polepole. Ombeni mtaalamu wa lishe, na kipimo cha vitamini D kwenye damu, hasa kama dawa yake ni fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini, ambazo huishusha. Mzoesheni mto sasa, kwa muda wa saa moja mchana kisha usiku kidogo kidogo. Mama mkwe aongoze mazoezi hayo, maana mikono yake ndiyo itakayofanya kazi. Pimeni pia mtakavyomrudisha nyumbani: mtoto mwenye miguu iliyopanuliwa haingii kila mlango wala kila gari, na lazima mkanda wa usalama umshike.

Kusimama kwenye fremu huanza eksirei ikionyesha mfupa umeungana, mara nyingi karibu wiki 6, mapema zaidi kama daktari anaridhika na bamba. Picha nyingine kwa kawaida hupigwa karibu miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka mpaka amalize kukua, kwa sababu nyonga iliyopangwa vizuri inaweza kutoka tena wakati wa kurefuka.

Kiti chake cha magurudumu kipimwe upya kabla hajarudi kukikalia kutwa. Fupa la paja lililokatwa na kuinamishwa huwa fupi kidogo, miguu sasa inapanuka zaidi, na kiti cha zamani kitamsukuma magoti ndani tena. Kizuizi cha katikati kikae usawa wa magoti, kisiwe kinenani, na kina cha kiti kipimwe kila mguu peke yake, maana paja la kushoto na la kulia huenda yasilingane urefu.